Upinde wa mtumba: usilaumu mishale kabla hujaupima upinde wenyewe (uzi mrefu, Mwanza)

#1 Mlenga wa Nyegezi

Mwangaluka wakuu.

Watu wanne wamenifuata pembeni mwezi huu na swali lilelile: wamepata upinde wa mtumba, mishale inatawanyika kama vifaranga vilivyoona mwewe, wafanyeje. Nimeona niandike hapa mara moja tusome wote, na walionizidi uzoefu wanirekebishe.

Wangu niliupata Capri Point kwa jamaa aliyekuwa anahama. Ni rikavu, yaani ule ambao ncha zake zimejikunja kwenda mbele, aina wanayotumia Olimpiki kupiga mita 70. Sehemu ya kati tunayoshika, raiza, ni ya alumini, inchi 25. Mabawa, yaani sehemu za juu na chini zinazopinda, ni mawili ya kuchomeka, ya urefu wa kati, kwa hiyo upinde mzima ni inchi 68. Akanipa na mishale minane, ugwe mmoja, yaani kamba ya upinde, na mkoba. Laki tatu na nusu. Nilijiona nimeokota dodo chini ya mnazi.

Miezi miwili nililaumu mkono wangu. Kila mshale ulikwenda kushoto, ugwe ulinichapa mkono wa kushoto mpaka ukavilia damu, na upinde ulipiga kelele kama bati lililolegea. Nikabadilisha namna ya kushika, nikabadilisha mahali pa kuegesha vidole kwenye taya, nikanunua vichwa vizito vya mishale. Hakuna kilichosaidia, kwa sababu makosa yalikuwa matatu na yamepandana. Nilipogusa moja, lingine lilinidanganya kwamba nimekosea kuligusa. Siku nilipovua kila kitu na kuanza na upinde mtupu, nikabadilisha jambo moja tu kila mara na kuliandika kwenye daftari, kazi iliisha kwa Jumamosi mbili.

Naanza na mabawa kwa sababu ndiyo yanayoweza kukuumiza. Kabla ya kupandisha ugwe, chukua pamba kidogo, ya huku kwetu haikosekani, uipitishe taratibu kwenye kingo zote za kila bawa. Ikinasa mahali, simama uangalie kwenye mwanga: huenda ni mkwaruzo wa rangi, huenda ni nyuzi za faibaglasi zimeanza kuchomoza. Tazama mstari wa gundi ubavuni, pale tabaka zinapokutana. Tabaka zikiwa zimeachana hata kwa upana wa ukucha, bawa hilo limekufa. Usilibandike kwa supagluu, utapasukiwa usoni. Angalia pia ncha, pale kitanzi cha ugwe kinapokaa, kama pana ufa.

Tena nawasihi, muuzaji akikwambia "vuta uone ulivyo mtamu," vuta ukipenda, ila urudishe ugwe taratibu kwa mkono. Ukiuachia bila mshale, nguvu yote ambayo ingeondoka na mshale inabaki kwenye mabawa, na bawa linaweza kupasuka hapohapo.

Kupandisha ugwe tumia kamba yake maalumu, ile yenye vikombe viwili vya kuvaa ncha. Unakanyaga kamba chini, unainua raiza juu, ugwe unaingia wenyewe. Ile ya kupitisha mguu katikati ya upinde na kuupinda kwa paja nimeiona hata kwa wazoefu. Inasokota bawa, na bawa likishasokoteka huna pa kulipeleka.

Sasa uzito wa kuvuta. Bawa langu limeandikwa paundi 34, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Namba hiyo ni ya mvuto wa inchi 28, bawa likiwa kwenye raiza ya inchi 25. Mimi navuta inchi 26 na nusu. Kila inchi moja ni takriban paundi 2 kwa mapinde ya nguvu hii. Nilikwenda Mwaloni Kirumba nikaazima mizani ya samaki ya kuning'iniza, nikaiweka ndoano kwenye ugwe, rafiki akavuta hadi alama yangu ya inchi 26 na nusu. Ikasoma kilo 14, yaani paundi 31. Namba yangu ni hiyo, na mishale unainunua kwa namba hiyo.

Kujua mvuto wako: chukua mshale mrefu, vuta mpaka unapoegesha kila siku, mwenzako aweke alama ya kalamu kwenye mshale usawa wa uso wa mbele wa raiza. Upime kutoka kwenye mfereji wa nyuma unaokaa kwenye ugwe hadi alama. Rudia mara tano, maana ya kwanza huwa tunajinyoosha kupita kawaida.

Naendelea jioni, umeme unasumbua huku.

#2 Kijana wa Igoma

Asante sana mkuu, uzi umekuja wakati wake. Mimi nina wa mbao, inchi 62, mabawa yanafungwa kwa bolti moja moja. Ugwe wake umekatika nyuzi mbili. Naweza kusuka mwingine kwa uzi wa nyavu? Hapa dukani zipo roli za kila unene, na fundi wa nyavu ni jirani yangu.

#3 Mlenga wa Nyegezi

Kijana wa Igoma, swali zuri, nami nililiuliza. Uzi wa nyavu uliozoeleka ni nailoni, na nailoni inanyooka ikivutwa. Kwa wavu hiyo ni sifa njema, samaki akipapatika wavu unalegea kidogo badala ya kukatika. Kwenye upinde ni balaa: utapandisha ugwe asubuhi ukiwa na kimo kizuri, yaani umbali wake kutoka kwenye mshikio, ukipiga mishale thelathini kimeshuka. Kila mshale unatoka na upinde tofauti.

Ugwe wa upinde unasukwa kwa poliesta maalumu, wenyewe wanaiita dakroni, au kwa nyuzi mpya zinazonyooka kidogo mno. Hizo mpya zina kasi, ila zinapiga ncha za bawa kwa ukali, kwa hiyo ziachie mabawa ambayo ncha zake ziliimarishwa. Kama hujui historia ya bawa lako, na la mtumba nani anaijua, weka dakroni. Unapoteza kasi kidogo, unabaki na upinde.

Mimi nilisuka wa nyuzi 14 juu ya ubao wenye misumari minne. Nailoni ya jirani yako ina kazi yake lakini: uzi mwembamba uliosukwa ni mzuri kuzungushia katikati ya ugwe, pale vidole na mshale vinapokaa. Na nta ya nyuki, ile ya Tabora inayouzwa na asali, paka kwenye nyuzi kisha sugua kwa kipande cha ngozi mpaka ipate joto na kuingia ndani.

Urefu: ugwe huwa mfupi kuliko upinde kwa takriban inchi 3 kwenye rikavu kama yangu. Wa inchi 62 kama wako mara nyingi huchukua ugwe wa inchi 58 hivi. Pima wa zamani kabla hujautupa.

#4 Mzee wa Magu

Vijana nawapongeza. Sisi tuliokulia Usukumani upinde tuliujua mapema, na miaka ya themanini sungusungu walipoanza kulinda ng'ombe, kila nyumba ilikuwa na podo ukutani. Hakuna aliyepima kwa mizani. Lakini nawaambia jambo moja ambalo baba alinichapa kwalo: upinde haulali na ugwe. Ukirudi nyumbani, shusha ugwe, utundike mahali pakavu mbali na jiko. Upinde uliolala na ugwe unachoka kama ng'ombe aliyelala na nira.

#5 Mlenga wa Nyegezi

Shikamoo mzee wangu. Neno lako ni sheria kwa upinde wa mbao, na hata haya ya faibaglasi nayashusha kila jioni. Naongeza tu kwa wenzangu wenye magari: msiuache kwenye buti juani. Gundi ya tabaka inalainika kwa joto.

Tuendelee.

Kimo cha ugwe. Huu ni umbali kutoka shingo ya mshikio, pale panapozama zaidi, hadi kwenye ugwe upinde ukiwa umepandishwa. Kwa upinde wa inchi 68 unaanzia kati ya inchi 8 na nusu na 9. Wangu ulikuwa inchi 7. Ndiyo maana nilichapwa mkono: ugwe ulikuwa unasafiri mbali mno kabla ya kusimama. Ugwe niliopewa ulikuwa mrefu kwa karibu nusu inchi tu, na nusu inchi hiyo ilikula zaidi ya inchi moja na nusu ya kimo. Nilijaribu kuusokota ili ufupike (ukisokota kimo kinapanda, ukisokotoa kinashuka), ukasokoteka mpaka ukaanza kujikunja vifundo ukiwa mkononi. Hapo ugwe unakuwa springi. Nikasuka mpya wa inchi 65.

Kati ya inchi 8 na nusu na 9, tafuta kwa sikio. Anzia chini, piga mishale sita, ongeza misokoto mitatu, piga sita. Mahali fulani kelele inageuka mlio mfupi mzito na mkono wa kushoto hausikii mtetemo. Wangu ulinyamaza kwenye inchi 8 na robo tatu. Niliandika sentimita 22.2 kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mkoba, na kila ninapopandisha napima kwanza.

Mabawa kunyooka na raiza. Hili ndilo lililonila miezi. Egesha upinde kwenye viti viwili, ugwe juu, simama nyuma uangalie kwa jicho moja. Ugwe unatakiwa upite katikati ya bawa la juu, katikati ya raiza, katikati ya bawa la chini. Bandika tepu ya karatasi kwenye kila bawa, karibu na raiza, uweke alama ya katikati kwa rula, usikisie. Kwangu bawa la chini lilikuwa nje kwa milimita 4.

Nikadhani limesokoteka, moyo ukaniuma. Mapinde ya kuchomeka yana jaribio zuri: badilisha bawa la juu liwe chini na la chini liwe juu, kwa kutazama tu, usipige mshale. Kosa likihama na bawa, bawa ndilo bovu. Likibaki palepale, ni raiza. Kwangu lilibaki chini. Nikatoa bawa, nikamulika tochi ya simu kwenye mfuko wa raiza, nikaona mchanga. Chembe kama nne za mchanga wa ufukweni, zimegandamana na mafuta ya zamani upande mmoja, zimelisukuma bawa likae mshazari. Mswaki wa zamani, mafuta ya taa kidogo, kitambaa. Milimita 4 zikawa sifuri. Nilikaa chini nikautazama ule mswaki kwa muda.

Tofauti ya juu na chini, wanayoiita tila. Pima kutoka pale bawa linapotoka kwenye raiza hadi kwenye ugwe, juu na chini. Kwa anayevuta kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini, kipimo cha juu kizidi cha chini kwa milimita kati ya 0 na 6. Mimi niko 4. Unarekebisha kwa bolti za mabawa, nusu mzunguko kila mara, ugwe ukiwa umeshushwa. Na usizilegeze kupita kiasi alichosema mtengenezaji, bolti ikitoka ukiwa umevuta hakuna wa kuiokota.

#6 Dada wa Buhongwa

Kaka, naomba usisahau wa mkono wa kushoto, kila maelezo yanatuacha. Mimi navuta kwa kushoto kwa sababu jicho langu lenye nguvu ni la kushoto, ingawa naandika kwa kulia. Niligundua kwa kutengeneza tundu kwa viganja viwili, nikatazama jiwe moja pale Bwiru macho yote wazi, nikafumba moja moja. Jicho linalobaki na jiwe ndilo lenye nguvu. Mtu anayenunua mtumba ajue hili kabla ya pesa kutoka, raiza ya kulia haigeuki kuwa ya kushoto.

#7 Mlenga wa Nyegezi

Umesema kweli dada, na nilipaswa kuanza nalo. Kuanzia hapa chini nazungumzia anayevuta kwa kulia. Wa kushoto ageuze kushoto kuwa kulia na kulia kuwa kushoto. Juu na chini havibadiliki.

Kituo cha mshale kwenye ugwe. Weka mshale kwenye kikalio, pale kwenye raiza mshale unapolala, ukiwa pembe mraba na ugwe, kisha upandishe mwisho wake wa nyuma milimita 8 hivi. Hapo funga mafundo ya uzi wa kusafishia meno, moja chini moja juu, yabane lakini yaweze kusogea kwa kuzungusha. Mshale unatakiwa ushike ugwe kiasi cha kuning'inia bila kudondoka, na ukigonga ugwe kwa kidole udondoke. Ukibana sana kila mshale unachelewa kwa namna yake.

Upande. Ukitazama kutoka nyuma, ugwe ukiwa umekata raiza katikati, ncha ya mshale ionekane imetoka kidogo kushoto kwa ugwe. Kama upinde una planja, kile kitufe chenye springi kinachoegemewa na mshale, weka springi ya kati uache kwanza.

Mishale. Kosa langu la tatu. Namba iliyoandikwa kwenye mshale wa kaboni ni kipimo cha kupinda: mshale unaegeshwa kwenye nguzo mbili umbali wa inchi 28, unaning'inizwa uzito wa gramu 880 katikati, inapimwa umepinda kiasi gani kwa sehemu za elfu za inchi. Kwa hiyo 500 imepinda nusu inchi. Namba ikiwa kubwa mshale ni laini, na hili linawachanganya watu kila siku. Mishale niliyopewa ilikuwa 400. Kwa paundi 31 na mshale wa inchi 28 nilihitaji kati ya 700 na 800. Nilikuwa narusha nondo. Mshale unatakiwa upinde kidogo unapouzunguka upinde, kisha unyooke, na ule mgumu kupita kiasi unakataa na kwenda kushoto. Ile minane nimempa mtu mwenye paundi 45, inamtii vizuri.

Nikishapata ya 700 nikafanya jaribio la mishale mitupu. Mita 18, mishale mitatu yenye manyoya, mitatu isiyo na manyoya kabisa. Manyoya hufunika makosa, mshale mtupu hausamehi. Shughulikia juu na chini kwanza: mitupu ikikaa chini ya yenye manyoya, kituo cha ugwe kiko juu mno, kishushe. Ikikaa juu, kipandishe. Milimita moja kila mara. Halafu upande: mitupu ikikaa kushoto, mshale ni mgumu, kwa hiyo ongeza uzito wa kuvuta, au weka kichwa kizito, au legeza springi. Ikikaa kulia ni laini, fanya kinyume. Rudia siku nyingine ukiwa hujachoka kabla hujakata mshale, maana kipande kilichokatwa hakirudi.

Na tafadhali fanyeni asubuhi. Mchana upepo wa ziwani unaingia nchi kavu, na mshale mtupu unapeperuka nao. Niliwahi kurekebisha upepo kwa springi saa tisa alasiri, kesho yake alfajiri kila kitu kimeharibika.

#8 Jiwe la Ziwani

Niongeze la usalama, limenipata. Huku kwetu kila nyuma ya shabaha kuna jiwe. Mshale wangu wa kaboni ulipita juu ya kiroba, ukagonga mwamba, nikauokota mzima kwa macho. Namshukuru Mungu kuna mzee alinifundisha: shika ncha mbili, upinde taratibu ukiuzungusha, sogeza sikio. Ulitoa sauti kama mtu anatafuna karanga. Ungepasuka wakati wa kuachia, vipande vya kaboni vingeingia mkono wa kushoto. Uliogonga jiwe usiurudishe kwenye podo bila kuusikiliza.

Shabaha yangu ni viroba viwili nilivyojaza mabaki ya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani, nimevishindilia kwa mguu. Nyuma nimetundika zulia bovu, limelegea, halijavutwa. Mshale ukipita unanaswa na zulia.

#9 Kijana wa Igoma

Wakuu narudi na majibu. Ugwe mpya nimesuka, kimo inchi 7 na robo tatu, kelele imepungua sana. Wangu hauna planja, mshale unakaa juu ya kibao cha raiza chenyewe, na manyoya nimeweka ya bata mzinga, yote ya bawa la upande mmoja la ndege huyo. Mita 15, mitupu imekaa chini ya yenye manyoya kwa sentimita 12, na kushoto kwa vidole vitatu. Niagize vichwa vizito sasa au nisubiri?

#10 Mlenga wa Nyegezi

Subiri. Shusha kituo cha ugwe milimita 1, piga, shusha tena mpaka zilingane juu na chini. Usiguse upande kabla ya hapo. Na pale ubavuni ambapo mshale unaegemea raiza, umebandika nini?

#11 Kijana wa Igoma

Ngozi ya kiatu, unene kama wa shilingi mia mbili.

#12 Mlenga wa Nyegezi

Ibandue, weka kitu chembamba. Unene huo unausukuma mshale kushoto kabla haujaondoka. Ni bure, jaribu kabla ya vichwa.

#13 Kijana wa Igoma

Nimeshusha milimita 2 na nusu. Ngozi nimetoa, nimeweka upande laini wa zile tepu za kubandikana za viatu vya watoto. Leo saa moja asubuhi, mitupu miwili iko usawa na yenye manyoya, kushoto kidole kimoja. Wa tatu uliniponyoka vibaya, nimeukuta chini ya kiroba. Vichwa sijaagiza.